Ufunguo wa Nani, wa Mashine Gani? Kutunza Funguo na Tokeni katika Seva ya Msimbo

Mwongozo huu unakusudiwa kikundi kidogo cha waandishi wa programu chenye seva yake ya kuhifadhia msimbo, iwe ni Gitea, Forgejo au GitLab iliyowekwa katika mashine ya kukodi, au chenye akaunti ya pamoja katika GitHub. Sisi tuko tisa: saba tunafanya kazi katika chumba kimoja Mlandege, Unguja, wawili wako Chake Chake, Pemba, na sehemu kubwa ya kazi zetu ni tovuti za hoteli za pwani ya mashariki, programu za maduka na mfumo wa ada wa skuli moja. Hatuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya usalama tu, na nadhani wasomaji wengi wamo katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo sitaeleza kila kinachowezekana. Nitaeleza yale ambayo watu tisa wanaweza kuyafuata bila ya kuyachoka baada ya wiki mbili.

Mengi tuliyajua kwa sababu ya begi moja. Siku ya Alkhamisi, mwezi wa Agosti, mwenzetu mmoja alishuka bandarini Malindi kutoka kwenye boti ya Mkoani, akanipigia simu kabla hata hajatoka getini: "Kaka, begi silioni, na kompyuta imo humo humo. Nifungie kila kitu." Nilifungua akaunti yake katika seva nikakuta funguo tano za SSH, yaani njia ya kuunganika na seva kwa siri bila ya nywila. Mmoja uliitwa "laptop", mwingine "mpya", mwingine "mpya2", wa nne "kazi", na wa tano haukuwa na jina ila maneno root@localhost. Nilimuuliza ni upi uliomo ndani ya kompyuta iliyopotea, na yeye mwenyewe hakujua. Nikazifuta zote tano. Asubuhi ya pili yake meneja wa hoteli moja alipiga simu kulalamika kwamba bei mpya za vyumba tulizomuahidi hazionekani kwenye tovuti, na hapo ndipo tulipofahamu kwamba ule ufunguo wa tano ulikuwa katika seva ya hoteli, ukitumika kila usiku kuvuta msimbo mpya kwa jina la mwenzetu. Begi lenyewe lilirudishwa siku ya tatu na abiria aliyelifananisha na lake.

Tangu hapo kanuni yetu ni moja, na nyingine zote zinatokana nayo: kila ufunguo na kila tokeni (nywila ya programu, nitaieleza mbele) iwe ya mtu mmoja, katika mashine moja, kwa kazi moja, ili siku ya kuifuta isiathiri kitu kingine. Hesabu zinazoufanya ufunguo uwe mgumu kuvunjwa wataalamu wameshazimaliza. Linalobaki kwetu ni kujua ufunguo uko wapi. Katika nyumba za Mji Mkongwe zinazokaliwa na familia nne au tano, mlango mkubwa wa mbele huwa na kufuli moja na kila familia ina nakala ya ufunguo, hivyo nakala moja ikipotea hubadilishwa kufuli na familia zote hupewa funguo mpya. Seva ya msimbo haina haja ya kuishi hivyo, kwa kuwa mlango wake mmoja unakubali funguo mia zisizofanana, na msimamizi anaweza kuuondoa mmoja huku wenye nyengine wakiendelea kuingia kama kawaida. Anayenakili ufunguo uleule katika kompyuta tatu anaitupa faida hiyo kwa mkono wake.

Kutengeneza ufunguo wa SSH

Ufunguo wa SSH ni jozi ya mafaili mawili. Moja ni la siri, nalo halitoki katika kompyuta lilimotengenezwa. La pili, lenye mwisho wa .pub, ni la wazi, na ndilo linalowekwa katika seva. Tumia aina ya Ed25519, ambayo imo katika OpenSSH (programu ya SSH iliyomo katika kompyuta nyingi) tangu toleo la 6.5 la mwaka 2014, kwa hiyo ni nadra leo kukuta mashine isiyoijua. Ikikulazimu kutumia RSA kwa ajili ya kifaa cha zamani, usishuke chini ya biti 3072. Funguo za DSA zisitumike kabisa. GitHub iliacha kuzipokea mwezi wa Machi 2022. Amri yenyewe ni hii:

`ssh-keygen -t ed25519 -a 100 -C "asha-kompyuta-ya-kazi-2025-06" -f ~/.ssh/msimbo_asha`

Maneno yanayofuata -C hayaongezi wala hayapunguzi usalama wa ufunguo, na ndiyo maana watu wengi huyapuuza. Kwetu sisi ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika mstari ule. Yataje mtu, mashine, mwaka na mwezi. Nambari 100 iliyo mbele ya -a huongeza mizunguko ya ukokotozi inayolinda faili la siri, ambayo kwa kawaida huwa michache zaidi, ili aliyeiba faili na kuanza kukisia neno la siri agharimike muda zaidi katika kila jaribio.

Programu itakuuliza neno la siri la ufunguo. Usibonyeze tu na kupita, kwa sababu ufunguo usio na neno la siri ni mali ya yeyote atakayelinakili faili, hata kama amekaa mbele ya kompyuta yako kwa dakika moja ulipokwenda kusali. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana. Usitumie methali, aya wala mstari wa wimbo, kwani maneno yanayojulikana na watu wote yanajulikana pia na wanaokisia. Ili usiyaandike kila mara, mkabidhi ufunguo wakala wa SSH (ssh-agent, programu inayokushikia ufunguo) kwa muda maalumu, kwa mfano `ssh-add -t 4h ~/.ssh/msimbo_asha`, naye ataukumbuka kwa saa nne kisha atausahau. Umeme ukikatika na kompyuta ya mezani ikazimika utalazimika kuliandika upya, na usumbufu huo mdogo ni wa kuukubali.

Folda ya .ssh iwe na ruhusa 700 na faili la siri liwe na 600. Ruhusa zikilegea, SSH hukataa kulitumia faili na huandika kwa herufi kubwa UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE. Ukiliona onyo hilo mara tu baada ya kuhamisha faili kwa flashi, ambayo mara nyingi haihifadhi ruhusa za mafaili, usikimbilie kurekebisha ruhusa. Kosa la kwanza ni ile flashi yenyewe: ufunguo wa siri haukupaswa kusafiri. Kompyuta mpya ipewe ufunguo wake mpya, wenye jina lake.

Baada ya hapo andika katika faili la ~/.ssh/config mistari ifuatayo, ukiweka anwani ya seva yenu pahala pa msimbo.mfano:

```
Host msimbo
    HostName msimbo.mfano
    User git
    IdentityFile ~/.ssh/msimbo_asha
    IdentitiesOnly yes
```

Mstari wa mwisho unahitaji kuelezwa. Bila ya mstari huo, kompyuta huipa seva funguo zote ilizonazo mmoja baada ya mwingine, na katika seva ya msimbo, ambamo kila mtu huingia kwa jina lilelile la git, ufunguo wa kwanza kutambulika ndio unaoamua wewe ni nani. Mwenzetu mwenye akaunti mbili alipandisha kazi siku nzima kwa jina la akaunti ya mteja bila ya kujua. Aidha, mwenye funguo nyingi huweza kufungiwa nje kabla ufunguo ulio sahihi haujafikiwa, kwa kuwa OpenSSH kwa kawaida huruhusu majaribio sita tu.

Mara ya kwanza ya kuunganika, kompyuta itakuonesha alama ya seva inayoanza na SHA256 na kukuuliza kama unaiamini. Karibu kila mtu huandika yes. Badala yake mwambie msimamizi akusomee alama hiyo kutoka kwenye seva yenyewe. Katika OpenSSH 8.0 na matoleo yaliyofuata unaweza kuibandika alama uliyopewa pahala pa yes, na programu italinganisha yenyewe. Hili si jambo la nadharia. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ililazimika kubadilisha ufunguo wake wa RSA wa seva baada ya sehemu yake ya siri kuonekana kwa muda mfupi katika hazina (repository, yaani folda ya mradi pamoja na historia yake) iliyo wazi kwa umma, na watumiaji wengi duniani waliamka wakakuta onyo la kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Aliyekuwa na mazoea ya kulinganisha alama alijua la kufanya. Aliyezoea kufuta onyo na kuendelea angeweza siku hiyo kuungana na seva ya mtu mwingine.

Tokeni ni nywila iliyokatwa vipande

Tokeni ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotumika badala ya nywila pale programu inapoingia katika seva kwa njia ya HTTPS. GitHub iliacha kupokea nywila za akaunti kwa kazi za Git (programu inayotunza historia ya msimbo) tarehe 13 Agosti 2021, na tangu siku hiyo watu wengi waliojua nywila tu walijikuta wakitengeneza tokeni kwa haraka, wakitia alama ya tiki katika kila kisanduku ili kazi isonge. Hapo ndipo maana yote ya tokeni inapopotea. Nywila hufungua kila kitu. Tokeni imewekwa ili ufungue kidogo. Kama kazi ni kusoma msimbo wa hazina moja, basi ruhusa iwe ya kusoma, na iwe ya hazina hiyo ikiwa mfumo unakubali. Ruhusa ya kusimamia watumiaji au kufuta hazina isiwemo kamwe katika tokeni inayokaa ndani ya skripti.

Tokeni huoneshwa mara moja tu, wakati wa kutengenezwa. Ukiipoteza usiitafute, ifute na utengeneze nyengine. Naona watu wakiihifadhi katika faili linaloitwa tokeni.txt juu ya meza ya kompyuta kwa hofu ya kuipoteza, ilhali kuipoteza ni hasara ya dakika mbili na kuivujisha ni hasara ya wiki. Pahala pake ni katika programu ya kuhifadhi nywila au katika hifadhi ya siri ya mfumo: Keychain katika macOS, Git Credential Manager katika Windows, libsecret katika Linux. Jihadhari na mpangilio wa Git unaoitwa store, kwa kuwa unaandika tokeni kama ilivyo, bila ya kuificha, ndani ya faili la ~/.git-credentials. Ule unaoitwa cache huiweka katika kumbukumbu ya muda tu, na unaweza kuuwekea kikomo cha sekunde 3600.

Kosa linalojificha zaidi ni kuiandika tokeni ndani ya anwani, kwa mtindo wa https://jina:tokeni@msimbo.mfano. Amri itafanya kazi vizuri, na tokeni itabaki katika faili la .git/config, katika historia ya terminali, na pengine katika picha ya skrini utakayoituma kwa mwenzako ukiomba msaada wa jambo jengine kabisa. Ingia katika kila folda ya mradi uandike `git remote -v`. Sisi tulifanya hivyo mchana mmoja sote tisa kwa pamoja, na tulipata tokeni nne, mojawapo ikiwa ya mtu aliyekuwa ameshaondoka kikundini.

Kila tokeni iwe na tarehe ya mwisho. GitLab, tangu toleo la 16.0 la Mei 2023, kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali tena tokeni ya mtu binafsi isiyo na kikomo. Kwa kazi za mtu siku 90 zinatosha. Kwa skripti tunaweka miezi sita, na ukumbusho tunauandika katika kalenda ya kikundi wiki mbili kabla. Kuna jambo moja ambalo mwongozo wa kigeni hautakuambia. Katika GitLab tokeni hufa saa sita ya usiku kwa saa za dunia (UTC), yaani saa tisa usiku kwetu. Skripti yetu ya kuchukua nakala huanza saa kumi alfajiri. Kwa hiyo tokeni iliyoandikwa kwamba inakwisha tarehe 30 ilikuwa imeshakufa alfajiri ya tarehe hiyohiyo, na sisi tulikuwa tukiihesabia siku nzima zaidi. Siku ya kuibadilisha tokeni yenyewe iwe siku tatu kabla ya kikomo, na saa zitajwe kwa namna isiyo na utata, maana "saa 3" katika daftari inaweza kusomwa na mmoja kuwa asubuhi na mwengine, aliyezoea saa za kompyuta, kuwa usiku wa manane.

Kazi zinazofanywa na mashine

Hapa ndipo tulipokosea katika habari ya hoteli. Seva inayovuta msimbo usiku si mtu, kwa hiyo isipewe ufunguo wa mtu. Mifumo yote niliyoitaja ina nafasi ya kuweka ufunguo katika mipangilio ya hazina moja badala ya akaunti. Katika menyu zao imeandikwa Deploy Keys. Ufunguo wa namna hiyo hufungua hazina moja tu, na usipoongeza ruhusa ya kuandika, utasoma tu. Utengeneze ndani ya seva yenyewe ya mteja, uupe jina kama "hoteli-seva-kusoma-2025-06", kisha uchukue lile faili la .pub pekee kulileta kwenye hazina. Kwa kuwa hapana mtu wa kuandika neno la siri saa tisa usiku, ufunguo huu utakosa neno la siri, na hiyo ndiyo sababu ya kuunyima kila ruhusa isiyo ya lazima.

Kama mnatumia kazi za kujiendesha zinazojaribu na kupeleka msimbo, siri zake ziwekwe katika vigezo (variables) vya mradi na si katika faili la mradi. GitLab ina alama mbili kwa kila kigezo: Masked, inayoficha thamani isichapishwe katika kumbukumbu (logs) za kazi, na Protected, inayokitoa kigezo kwa matawi na tagi zilizolindwa tu. Watu huridhika na ya kwanza. Lakini anayeweza kubadilisha faili la kazi anaweza pia kuigeuza siri kuwa maandishi ya namna nyengine na kuichapisha, na kificho hakitaitambua. Ya pili ndiyo kinga.

Kupeana siri

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza ni namna ya kumtumia mwenzako tokeni, na jibu langu huwaudhi: usimtumie. Mwenzako ana akaunti yake, atengeneze tokeni yake. Katika ufunguo wa SSH ni hivyo hivyo. Yeye ndiye anayekuletea ufunguo wake wa wazi, nao hata ukibandikwa ukutani haudhuru.

Zinabaki siri chache ambazo ni za kikundi kweli, kwa mfano nywila ya akaunti inayolipia mashine ya kukodi. Hizo kwetu zilikuwa zikipita katika kundi la WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa njiani, na watu huishia hapo. Hawahesabu kwamba ujumbe ukifika unabaki katika simu tisa, katika nakala za akiba za simu hizo, na katika kompyuta yoyote ambayo mmoja wetu aliwahi kufungulia WhatsApp akasahau kuifunga. Siku moja niliandika neno "password" katika kisanduku cha kutafutia cha kundi letu na nikapata majibu yanayorudi nyuma miaka minne. Sasa tunatumia programu ya kuhifadhi nywila yenye sanduku la pamoja, na aliye Chake Chake anaiona siri humo humo. Kama hamna programu hiyo, irudishieni simu kazi yake ya asili: piga, soma, mwenzako aandike moja kwa moja pahala panapohusika.

Siri ikivuja

Utaratibu ni kufuta kwanza, kuuliza baadaye. Mtu anayegundua kwamba amepandisha tokeni ndani ya hazina hukimbilia kulifuta lile neno na kuandika komiti (commit, badiliko linalohifadhiwa katika historia) mpya yenye maelezo kama "marekebisho madogo". Neno limetoka katika faili lakini limebaki katika historia, na kila aliyevuta msimbo analo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuingia katika seva na kuibatilisha tokeni, hata kama tovuti ya mteja itasimama kwa robo saa. Hatua ya pili ni kutengeneza nyengine na kuirudisha kazi. Ya tatu ni kusoma kumbukumbu za seva ili kujua kama kuna mtu aliyeitumia, na hapa kumbuka tena saa: kumbukumbu iliyoandikwa 09:12 kwa saa za dunia ni saa sita na dakika 12 mchana Unguja, na mara mbili tumemshuku mtu ambaye kumbe ni sisi wenyewe baada ya adhuhuri.

Kusafisha historia kunakuja mwisho, na mara nyingi hakuna haja yake, kwa sababu tokeni iliyokufa ni herufi tupu. Ikiwa kilichovuja ni kitu kisichoweza kubatilishwa, mfano orodha ya wazazi wa skuli na nambari zao za simu, tumia git filter-repo, kisha kila mwenye nakala aifute na kuivuta upya, la sivyo ataurudisha uchafu wote kwa kupandisha mara moja.

Ili kuzitafuta siri zilizokwisha kuingia, endesha gitleaks juu ya historia nzima, au kwa haraka `git log --all --oneline -S 'glpat-'`. Tokeni za GitLab huanza na glpat-, na za GitHub na ghp_ au github_pat_, ndiyo maana programu huzitambua kwa urahisi. Tokeni za Gitea hazina mwanzo wa namna hiyo. Ni herufi na tarakimu 40 zinazofanana na kitambulisho cha komiti, na programu huweza kuzipita. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba katika miradi yote kigezo kinachobeba tokeni kiitwe SEVA_TOKENI na si jina jengine, kisha tukaweka kizuizi cha kabla ya komiti kinachokataa neno hilo likifuatiwa na alama ya sawa na kitu chochote kisicho alama za kunukuu tupu. Ni njia ya kishamba, na imeshatuokoa mara tatu.

Kwa msimamizi wa seva

Zima kuingia kwa nywila katika SSH ya seva yenyewe kwa kuweka PasswordAuthentication no na KbdInteractiveAuthentication no, hakiki faili kwa `sudo sshd -t`, kisha uiwashe upya huduma huku ukiacha dirisha moja la terminali limeunganika na ukijaribu kuingia kwa dirisha la pili. Usifanye kazi hii umeme ukiwa unayumba na ruta yako haina betri.

Kila akaunti iwe na hatua ya pili ya kuingia. Programu ya simu inayotoa tarakimu mpya kila sekunde 30 ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kusajiliwa upya kwa jina la mwengine. Tarakimu zikikataliwa bila ya sababu, angalia kwanza kama saa ya simu iko sawa. Misimbo ya kurejesha akaunti ichapishwe kwenye karatasi na iwekwe nyumbani pahala panapowekwa hati za kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, si katika simu ileile inayotoa tarakimu.

Nakala za akiba ni funguo pia. Nakala ya Gitea iliyotengenezwa kwa amri yake ya dump inabeba faili la app.ini lenye siri za seva. GitLab hufanya kinyume: nakala yake ya kawaida haichukui faili la gitlab-secrets.json, na ukiirudisha seva bila ya faili hilo, vigezo vya siri na hatua ya pili ya watumiaji havitasomeka. Kwa hiyo la kwanza lifungwe kwa nywila kabla ya kuwekwa katika diski ya nje, na la pili lihifadhiwe pekee, mbali na nakala ya msimbo. Diski yetu moja hukaa Pemba. Hupelekwa na mwenzetu kila mwezi akienda kwao, na ndani yake hapana kinachosomeka bila ya neno la siri lililo Unguja.

Daftari na zoezi

Kila ufunguo na tokeni inaandikwa katika jedwali lenye mwenyewe, mashine, kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho na pahala pa kuifutia. Thamani ya siri haiandikwi humo. Kila baada ya miezi mitatu tunalinganisha jedwali na yaliyomo katika seva. Mifumo huonesha tarehe ambayo ufunguo ulitumika mwisho, na usiotumika kwa miezi mitatu unafutwa bila ya mjadala. Katika kubadilisha, unaanza kwa kuweka mpya, unaujaribu, na ndipo unapofuta wa zamani. Mtu akiondoka kikundini, kuifunga akaunti yake hakutoshi, kwa sababu funguo za hazina alizoziweka na siri za pamoja alizoziona haziondoki pamoja na akaunti. Jedwali ndilo linalosema zipi za kubadilishwa.

Mara mbili kwa mwaka tunachagua jina moja kwa kura na kujifanya kwamba kompyuta yake imepotea kwenye boti. Saa inaanza kuhesabiwa pale anapopiga simu, na inasimama pale ufunguo wa kompyuta hiyo, tokeni zake na vikao vyake vilivyo wazi katika kivinjari vinapokuwa vimefutwa na tovuti za wateja bado zinafanya kazi. Zoezi la mwisho lilichukua dakika 11, na nane kati ya hizo zilikwenda kumtafuta mwenye ruhusa ya kulifungua jedwali, ambaye alikuwa ameshuka Darajani kula urojo. Sasa jedwali lina wasimamizi wawili, mmoja wao akiwa Chake Chake.